Nani aliiangusha Nakumatt: soko au wenyewe?

Mwishoni mwa 2019 supamaketi ya Naivas ilinunua matawi sita ya mwisho ya mshindani wake Nakumatt kwa shilingi milioni 422 za Kenya. Januari 2020 wadai wakapiga kura, na kampuni iliyowahi kuwa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda ikafungwa rasmi. Ilikuwa imekaa miaka miwili mikononi mwa msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na deni lake lilipita shilingi bilioni 30.

Wanaosoma masomo ya biashara hufundishwa kwamba mabadiliko yana milango miwili. Ya nje huja na sheria, hali ya uchumi, washindani na tabia za wateja. Ya ndani huletwa na uongozi, fedha, wafanyakazi na namna kazi inavyoendeshwa. Ukiingia nayo kwenye habari ya supamaketi za Kenya, unakuta kila upande una mashahidi wake, na mashahidi wenyewe wazito.

Wanaolaumu ya nje huanza na riba. Septemba 2016 sheria ilianza kuzibana benki zisitoze zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Kenya. Nia ilikuwa kumlinda mkopaji. Lakini benki isiyoruhusiwa kumtoza zaidi mteja wa hatari hufanya jambo moja rahisi: haimkopeshi. Pesa zilielekea kwenye dhamana za serikali. Nakumatt ilikuwa ikiishi kwa mikopo ya muda mfupi, wa leo ukilipa wa jana, na mkopo wa leo ulipokosekana, wa jana ulibaki pale pale unadai. Mwaka uliofuata ukaja uchaguzi wa rais wa Agosti, Mahakama ya Juu ikaufuta, ukarudiwa Oktoba, na biashara ikadorora kwa miezi. Carrefour nayo ilikuwa imeshafungua tawi lake la kwanza Karen mwaka 2016. Tukirudi nyuma zaidi, shambulio la Westgate la Septemba 2013 liliinyang'anya Nakumatt moja ya matawi yake makubwa. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo wakurugenzi walilichagua, na anayeyapuuza hasemi kweli.

Lakini Naivas nayo ilikuwepo. Sheria ya riba ilikuwa ile ile, uchaguzi ule ule, Carrefour ile ile. Hata asili yao haikuwa mbali. Jina la Nakumatt limetokana na Nakuru Mattresses, maana walianza na magodoro. Tuskys ilisajiliwa kama Tusker Mattresses. Naivas ilianzia Rongai, huko huko Nakuru, na waanzilishi wa Tuskys na Naivas walikuwa ndugu. Kaunti moja ikazaa watatu. Mmoja alizikwa 2020, mwingine akaanguka muda mfupi baadaye, wa tatu akabaki kununua mabaki.

Hapo wengi hukimbilia hitimisho kwamba basi chanzo chote ni cha ndani, na kwamba Tuskys iliuawa na ugomvi wa ndugu. Mimi sina haraka hiyo. Familia ya Naivas nayo ilipelekana mahakamani kwa sababu ya urithi, na mvutano huo ulichangia kukwamisha mpango wa kuiuzia hisa kampuni ya Massmart ya Afrika Kusini. Kama ugomvi pekee ungetosha kuua, tungekuwa tumezika wote. Na Shoprite, supamaketi kubwa ya Afrika Kusini, ilikuja Kenya Desemba 2018 ikiwa na mtaji, mifumo na uzoefu wa miaka mingi barani, ikafungasha kabla hata ya kuzoeleka. Choppies ya Botswana ilikuwa imeshaondoka.

Kinachonishawishi zaidi ni jinsi pesa inavyotembea ndani ya supamaketi. Mteja analipa leo, taslimu au kwa M-Pesa. Aliyeleta sukari, sabuni na maziwa analipwa baada ya siku 60, 90, wakati mwingine zaidi. Kwa muda huo wote pesa yake iko kwako na haina riba. Ukiwa mtulivu, unaitumia kununua kwa wingi na kushusha bei. Ukiwa na pupa, unafungulia tawi. Sasa, tawi jipya huchukua miaka kurudisha gharama, na msambazaji anataka chake baada ya miezi mitatu. Pengo hilo hujazwa na mkopo wa benki, na la mkopo hujazwa na mkopo mwingine.

Aliyeingia Nakumatt mwaka 2017 anakumbuka hali ilivyokuwa. Rafu nzima imejaa karatasi za choo za aina moja. Pakiti zimepangwa mstari mmoja mbele, nyuma yake hewa. Friji zimezimwa. Wasambazaji walikuwa wameacha kuleta mzigo kwa sababu hawajalipwa ule wa nyuma. Mteja akikosa unga na maziwa siku mbili hatarudi kukusikiliza ukimweleza habari za riba.

Sasa niambie, huyo msambazaji yuko nje au ndani? Vitabu vinamweka nje, pamoja na washindani na serikali. Kwenye hesabu, pesa yake ndiyo iliyofungua matawi, kwa hiyo alikuwa mwenye mtaji bila hisa na bila kiti kwenye bodi. Alipochoka, wakurugenzi waliuona kama msukosuko uliotoka sokoni, wakati ulikuwa deni lao wenyewe limeiva. Ndiyo maana naegemea upande wa ndani, ingawa si kwa sababu ya tabia za watu. Sheria ya riba iliamua kwamba pesa zitakauka 2016 na 2017. Nani angekauka nazo, hilo lilikuwa limeshaamuliwa miaka ya nyuma, kila tawi lilipofunguliwa kwa fedha ya mtu anayesubiri kulipwa.

Supamaketi nyingine ya Kenya, iitwayo Uchumi, inaleta funzo gumu kidogo. Ilifungwa Juni 2006, ikafunguliwa tena baada ya wiki chache chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa kwa niaba ya wadai, na 2011 ikarudi kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Wenye imani na mageuzi ya ndani waliishangilia, na walikuwa na haki. Kisha kampuni hiyo hiyo ikabanwa tena. Mkurugenzi aliyeifufua akaondolewa 2015, na Oktoba mwaka huo matawi ya Uganda na Tanzania yakafungwa. Aliyeweza kuirekebisha mara moja hakuwa kinga ya mara ya pili.

Mwishoni mwa 2019 sheria ya ushindani ilirekebishwa, na kumcheleweshea msambazaji malipo bila sababu kukaweza kuhesabiwa kuwa matumizi mabaya ya nguvu ya mnunuzi. Tuskys ilijikuta ikifuatiliwa na mamlaka ya ushindani kwa madeni ya namna hiyo mwaka 2020, katikati ya korona. Wenye kulaumu ya nje wataitaja korona, na kweli ilibana. Ila Naivas mwaka huo huo iliuza sehemu ya hisa kwa wawekezaji wakiwemo IFC, shirika la Kundi la Benki ya Dunia linalowekeza kwenye kampuni binafsi, na 2022 kundi linaloongozwa na kampuni ya IBL ya Mauritius likachukua asilimia 40. Pesa ya kukua ikaja kwa mlango wa wanahisa, watu wanaojua kwamba wamewekeza, na wanaodai hesabu.

Kwa hiyo nikisikia supamaketi yoyote imefungua tawi la kumi mwaka huu, siulizi mshindani wake ni nani. Namuuliza anayepeleka mkate pale alilipwa lini mara ya mwisho. Mkate huletwa kila asubuhi, na mwenye gari lake hujua mapema kuliko mchambuzi yeyote.