Bomba la Ruvu likifika, visima vya mtaa tuvifunge?

Mwishoni mwa Oktoba 2022 Dar es Salaam iliingia kwenye mgao mkali wa maji. Mvua zilichelewa, Mto Ruvu ukapungua, na uzalishaji wa mitambo ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, ambao kwa kawaida ni lita milioni 466 kwa siku, ukashuka hadi karibu milioni 300. Jiji la watu zaidi ya milioni 5 likarudi kwenye madumu. Wiki zile hakuna aliyeuliza kama kisima cha mtaa kina kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, inayosimamia matumizi ya maji ya eneo hili. Watu waliuliza foleni inaishia wapi.

Mvua ziliporudi, hoja ya zamani nayo ikarudi: bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, likishafika mtaani, visima vya jumuiya vifungwe. Wanaoisema wana sababu. Mitaa mingi yetu imepangana choo cha shimo, ukuta, kisima, na maji ya kisima kifupi huonekana safi hata yanapobeba kipindupindu.

Halafu kuna chumvi, na hapa ndipo watetezi wa visima, mimi nikiwemo, tunapobanwa. Karibu na bahari maji baridi hukaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi. Kwa hesabu ya wataalamu, usawa wa maji baridi ukishuka mita 1, mpaka wa chumvi chini yake unaweza kupanda kama mita 40. Kila ua likifunga pampu yake na kujaza simtanki usiku kucha, anayeumia ni jirani, maana chini ya ardhi hakuna uzio. Sabuni inakataa povu, chai inakuwa na chumvi, na kisima kikishafika hapo hakirudi upesi.

Lakini kufunga vyote ni kuliacha jiji zima likitegemea mto mmoja. Bwawa la Kidunda litausaidia mto huo wakati wa kiangazi, ila ni Ruvu ileile. Na mwaka huohuo wa 2022, mwezi Novemba, afueni mojawapo ilitoka kwenye visima virefu vya Kigamboni. Tofauti yake na kisima cha mtaa kinachoendeshwa na kamati ya wakazi ni kina na usimamizi: kule kuna anayepima.

Kamati zetu hupima pesa tu, tena kwa shida. Mwenye koki anauza ndoo, umeme wa luku unalipwa, ila pampu ikiungua mfuko hauna kitu na mlango unafungwa miezi.

Kwa hiyo ya bomba tunywe, ya kisima tufulie na kudekia, na kisima kibaki akiba ya mgao. Masharti mawili: saa za kusukuma ziwe na kikomo, na chumvi ipimwe kila baada ya miezi michache. Kuna kipimo cha mkononi ambacho mtu hukichovya kwenye ndoo na kusoma namba papo hapo. Mamlaka ivigawe vipimo hivyo, mwenyekiti wa mtaa abandike majibu ofisini, na kisima ambacho chumvi yake inaanza kupanda kipumzishwe kabla wanywaji wa chai hawajagundua.