Majina 499 ya watu wa Washington

Kwenye bustani ya West Potomac Park, Washington, kati ya miti, limesimama banda la duara la marumaru nyeupe lenye nguzo 12 na kuba. Rais Herbert Hoover alilizindua tarehe 11 Novemba 1931, na John Philip Sousa, mtunzi maarufu wa muziki wa gwaride, akaongoza bendi siku hiyo. Bendi haikuja kupamba sherehe tu. Banda lilipimwa makusudi liwaenee wapigaji 80 wa bendi ya jeshi la Marine, ili waliokufa vitani waenziwe kwa muziki na watu wausikilize wakiwa kwenye nyasi.

Ukiinama kwenye msingi unakuta majina 499 ya wakazi wa jiji waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Yamefuata alfabeti tu: cheo hakikutazamwa, wala rangi. Kwa Washington ya 1931, iliyotenganisha weusi na weupe, hilo lilikuwa jambo kubwa mno.

Mwaka 2008 Frank Buckles, mkongwe wa mwisho wa Marekani wa vita hivyo, alifika hapo akiwa na miaka 107. Baadaye baadhi ya wabunge, akiwemo Ted Poe wa Texas, wakataka banda liwe kumbukumbu ya taifa zima. Hoja yao si ya kupuuzwa. Wamarekani zaidi ya 116,000 walikufa, na karibu na hapo waliokufa Vietnam, Korea na Vita Kuu ya Pili wana kumbukumbu zao. Mzee aliyewazika wenzake wote ana haki ya kuuliza: na sisi je?

Hata hivyo, mimi niko upande wa jiji, lililokataa banda lake ligeuzwe la taifa. Wakazi walichanga fedha zao kulijenga, na mpaka leo hawana mbunge mwenye kura katika Bunge la Marekani. Kuwachukulia hata wafu wao ni kuwaonea. Sisi tunalijua pengo hilo: Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya 1927, inayowakumbuka Waafrika wa vita hivyo hivyo, haina jina hata moja la aliyekufa, na maandishi ya ile ya Nairobi yanamwahidi askari kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halikuandikwa.

Banda lilikarabatiwa na kufunguliwa tena Novemba 2011. Sheria ya 2014 ikaipeleka kumbukumbu ya taifa Pershing Park, bustani nyingine ya Washington, ikafunguliwa 2021. Buckles hakuona hata kimoja kati ya hivyo viwili. Alifariki Februari 2011, akiwa na miaka 110.