Leni Mbili Zikiwa Moja, Nani Ampishe Nani?

Safari ya Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, na ugomvi wa madereva ni uleule kila barabara inapobanwa, iwe ni penye ujenzi au mahali ambapo leni mbili zinaishia katika moja. Wengi hujipanga mapema. Akitokea mtu kwa leni iliyobaki tupu akaja kuchomekea mbele, humwona hana adabu na kumbania.

Naielewa hasira yao. Lakini leni moja ikiachwa tupu, foleni yote huhamia upande mmoja na kurefuka mpaka ikaziba njia panda za nyuma. Ujerumani, sheria inataka magari yafike mpaka leni inapoishia, kisha yaingie moja moja kwa zamu. Idara ya uchukuzi ya jimbo la Minnesota, Marekani, inasema utaratibu huo waweza kufupisha foleni kwa hadi asilimia 40.

Kwenye foleni inayotambaa naukubali. Penye kasi siukubali. Matatu inayokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa sekunde. Kibao kikisimikwa mita 100 kabla ya leni kuisha, dereva ana sekunde nne na nusu za kukisoma, kutazama kioo, kuikadiria tuktuk iliyo ubavuni na kuingia. Usiku, kibao kikiwa kimefunikwa na matawi ya mwarobaini, hata hizo hana. Hapo kuhama mapema ndiko salama, na kibao kimoja hakitoshi.

Mchoro wa barabara nao unaamua mengi. Leni moja ikikatwa na ya pili ikaendelea, aliye kwenye ya pili hujiona mwenye njia. Zikibanwa zote kuelekea katikati, hakuna mwenye njia, na kupeana zamu huwa kwepesi. Ila muundo huo hautaki mistari ya barabarani yenye rangi iliyofifia: lori na tuktuk zikiingia pamoja, mwenye tuktuk ndiye aumiaye.

Wapo wasemao madereva wetu hawawezi kupeana zamu. Mbona penye vizuizi vya polisi, misumari ikiwa barabarani, hao hao hupishana? Wanajua pa kupita na nani atangulie. Barabara inayopanuliwa kati ya Mombasa na Kilifi ipewe vibao vinavyotamka wazi: penye foleni, tumieni leni zote mpishane; penye kasi, hameni mapema. Na rangi irudiwe kabla haijafutika.