Tunapamba Kuba, Tunasahau Birika

Ukifika Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, unaweza kuupita msikiti usijue umepita nini. Kwa nje ni kuta na paa la bati, kama msikiti wowote wa kijijini. Ingia ndani, utazame upande wa kibla: kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, na tarehe yake ni mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18. Paa lilibadilika, upande wa kibla ukatunzwa.

Kwangu mimi roho ya msikiti iko hapo. Nalisema kwa sababu siku hizi kamati ya ujenzi ikikaa, mazungumzo huanzia juu: kuba liwe la kijani au la dhahabu, minara miwili au minne. Mfadhili naye ana ramani yake mkononi, na nani atamkatalia mfadhili?

Sina ugomvi na kuba. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulipata makuba ulipopanuliwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ila msikiti wa Mtume (s.a.w.) kule Madina ulikuwa wa matofali ya udongo, nguzo zake magogo ya mitende na paa lake makuti. Mnara haukuwepo. Bilal, muadhini wa Mtume, aliadhini juu ya paa la nyumba ya jirani.

Wazee wa pwani hawakuwa mafukara wa ufundi. Walitoa tumbawe baharini likiwa bado bichi na laini, wakalichonga kabla halijakauka likawa gumu, kisha wakaliweka kwenye mihrabu, kile kishubaka cha ukuta wa kibla anaposimama imamu. Uzuri wote waliuelekeza mahali ambapo uso wa mwenye kuswali unaelekea. Paa walilibeba kwa boriti za mikoko, nazo hazina urefu mkubwa, hivyo nguzo zikawa nyingi. Pale Gedi, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, kwenye msikiti mkuu, safu ya nguzo za katikati imenyooka moja kwa moja kuelekea mihrabu, kiasi kwamba anayesimama nyuma hamwoni imamu vizuri. Wengine huita kasoro ya ujenzi. Mimi naona ni ukumbusho kwamba hatukuja kumtazama imamu.

Na maji je? Misikiti mingi ya kale huku ina kisima na birika la maji ya udhu kabla hujafika mlangoni, na mawe ya kusugulia miguu. Mwili unaanza ibada kabla ulimi haujatamka kitu. Leo mahali pa kutilia udhu panasukumwa nyuma karibu na choo, bomba tatu, mbili zinavuja, huku mamilioni yakienda kwenye vigae na viyoyozi. Hapo ndipo ninapokasirika, nisamehewe.

Tena kuna jambo la saruji. Kuta za mawe na chokaa hupumua. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu unanaswa ndani na lipu yenyewe huanza kubanduka. Mafundi wa chokaa bado wapo Lamu na Mji Mkongwe. Kamati yenye msikiti wa kale iwaite hao kwanza, wakague kuta na birika, halafu ndipo mfadhili akunjue ramani yake.