Ravaillac alitumwa au alijituma?

Ukimtaja François Ravaillac, yule aliyemchoma kisu mfalme Henri IV wa Ufaransa pale Paris tarehe 14 Mei 1610, lazima atokee mtu aseme "huyo alitumwa". Na wanaosema hivyo si wajinga jamani, maana malkia Marie de' Medici alitawazwa jana yake tu, leo mume maiti na yeye ndo anashika nchi kwa niaba ya mtoto wa miaka 8. Halafu Duke wa Épernon, mmoja wa wakubwa wa nchi, alikuwemo humohumo kwenye gari la farasi la mfalme, na mwanamke aliyejitokeza kumtuhumu duke huyo, Jacqueline d'Escoman, akaishia kufungwa maisha. Hapo hata mi nakuna kichwa.

Ila sasa njama gani hiyo inayotegemea foleni? Gari la mfalme lilikwama kwenye kichochoro cha rue de la Ferronnerie sababu ya mkokoteni wa mvinyo na mwingine wa nyasi, watumishi wengi wakakatiza makaburini, jamaa akapanda kwenye gurudumu akachoma.

Kinachonimaliza mimi ni ile siku Ravaillac alipouawa kwa hukumu, 27 Mei. Ameshateswa, hajataja mtu. Mapadri wakamkatalia maondoleo ya dhambi mpaka ataje wenzake, yeye akasema hana, akaomba apewe kwa sharti, yaani kama anadanganya basi maondoleo yasifanye kazi na aende zake motoni. Na wakampa hivyohivyo. Sasa huyu ni mtu aliyeacha kwao Angoulême akaja Paris kwa sababu aliamini mfalme anataka kumpiga vita Papa, mtu wa maono, watawa wa Feuillants walimtimua kwa hayohayo maono, jehanamu kwake ilikuwa kweli kuliko wale farasi wanne waliokuwa wanamsubiri wamchane. Amlinde duke kwa bei hiyo? Mi siamini.

Hii haiwasafishi waliokuwa wanahubiri kwamba kumuua mfalme dhalimu ni halali, maana Barrière 1593 na Châtel 1594 walishajaribu kumuua Henri huyohuyo. Ravaillac hakuhitaji mtu wa kumpa kisu, maneno yalikuwa yameshazagaa miaka mingi.

Na alidhani anawatetea Wakatoliki. Pale Place de Grève, uwanja alikouawa, mapadri walipoanzisha Salve Regina, sala ya Kikatoliki kwa Bikira Maria, ya kumwombea, umati, Wakatoliki watupu wale, ukapiga kelele asiombewe.