Perege si samoni

Ukitoka Dodoma kwenda Iringa utapita juu ya ukuta wa bwawa la Mtera, na hapo kumpita muuza samaki bila kufungua pochi ni kazi. Safari iliyopita nilinunua kambale wa kukaanga. Mama aliyekuwa akinifungia, baada ya kujua kuwa nafuatilia mambo ya maji, akaniuliza: "Hivi mwanangu, samaki akipita kwenye lile tundu la chini wanalofungulia maji, anatoka mzima?"

Nikamjibu kwamba wengine hutoka wazima. Jibu la kivivu hilo, na limenisumbua hadi leo.

Samaki aliyezoea kina cha mita 20 anaishi kwenye mgandamizo mara tatu ya ule wa juu ya maji. Valvu, yaani mlango wa chuma wa kufungulia maji kwenye tundu lile, ikimtema nje kwa sekunde chache, hewa iliyo ndani ya kibofu chake cha kuelea inataka kutanuka mara tatu. Kibofu hupasuka, macho hutokeza nje. Bado hujahesabu kugonga chuma wala kuviringishwa na maji yanayokimbizana. Zipo valvu zinazorusha maji kama mwavuli uliofunguka, na huo mwavuli unapendeza ukiwa mbali.

Kule Marekani, kwenye mto Columbia, wamelipima jambo hili kwa miaka mingi. Samaki anafungwa kiputo kidogo cha mpira, anaachiwa juu ya bwawa, kiputo kinajaa akishapita, anaelea na kuokotwa. Kisha anawekwa kwenye tangi saa 48, maana kuna anayetoka akiogelea vizuri kumbe keshaumia ndani. Ninachokipenda zaidi ni kundi la pili: samaki waliokamatwa na kufungwa viputo vilevile, ila wakaachiwa chini ya bwawa bila kupita popote. Bila hao, samaki aliyeuawa na ndoo na mikono yetu ataandikwa kuwa kauawa na valvu.

Ugomvi wangu ni na wanaotaka kuchukua hesabu za huko na kuzibandika huku. Samaki wao mkuu ni samoni, na samoni ana mrija unaotoka kwenye kibofu hadi kooni. Hewa ikizidi, anaicheua. Perege hana mrija huo. Kibofu chake kimefungwa, hewa huondoka polepole kupitia damu, na valvu haimpi muda huo. Kambale naye ni habari nyingine, yule anayepanda juu kuvuta hewa kama sisi. Ukiniambia samoni wengi wamepona, kuhusu perege wa Mtera hujaniambia kitu.

Nalisema sasa kwa sababu ya Farkwa, kule Chemba, ambako bwawa limepangwa kujengwa kwenye mto Bubu ili Dodoma ipate maji. Bubu ndio unaolisha kinamasi cha Bahi, na Bahi wanavua. Valvu ichaguliwe baada ya kupimwa kwa perege na kambale wetu, si baada ya zege kukauka.

Kipimo chenyewe hakina uchawi: perege wa kutosha, viputo, matangi, na mtu wa kukesha nao usiku wa kwanza na wa pili. Huyo mkeshaji ndiye atakayesumbua kupatikana. Wa kupiga picha siku valvu inafunguliwa hawajawahi kukosekana.