Jamani, hiyo Ctrl+C haifuti kitu

Kuna jamaa yangu hapa Arua, Uganda, ni fundi simu, kila akipata bando anashusha video za kufundisha kutengeneza simu kwa yt-dlp, ile programu ya kushusha video kwa kuandika komandi. Shida yake moja, MB zikikaribia kuisha anaogopa kusimamisha, anakaa kutazama asilimia zinapanda kama mtu anayengoja matokeo ya uchaguzi, mpaka bando inakauka yenyewe. Eti nikibonyeza Ctrl+C (vitufe vya kuisimamisha) si yote inapotea?

Haipotei kaka. Pale kwa folda inabaki faili inayoishia na .part, hicho ndo kipande ulichokwisha kushusha, kesho ukiweka bando ingine unarudisha komandi ileile (bonyeza mshale wa juu tu, usijichoshe kuandika) na inaendelea palepale ilipoachia. Ila usibadilishe kwoliti katikati, ukianza na 720 maliza na 720. Na mwambie mdogo wako asifute hizo .part akidhani ni takataka, wangu alishanifanyia hivyo nikaanza upya sifuri na bando ilikuwa ya mkopo.

Wale wazee wa Linux watakwambia tumia Ctrl+Z (inailaza programu bila kuiua) halafu uandike fg kuiamsha, ndo pozi (pause) ya kweli. Mimi siipendi. Kwa dakika tano sawa, lakini ukiilaza masaa mawili seva kule inaweza kuwa ilishakata zamani, unaiamsha inakurushia makosa, na umeme ukienda hiyo pozi nayo imekufa. Afadhali uiue vizuri uiwashe tena. Kama tatizo ni kwamba unamalizia wenzako neti ya hotspoti basi hata usisimamishe, ongeza -r 300K kwenye komandi, isizidi kilobaiti 300 kwa sekunde, itembee polepole.

Kinachoniudhi kabisa ni maneno inayokuachia ukisimamisha: "ERROR: Interrupted by user". Error ya nini sasa? Mtu amesimamisha kwa hiari yake unamwambia amekosea, halafu hata neno moja kwamba kipande chake kiko salama hakuna! Mstari mmoja tu ungewaokolea watu MB nyingi, hasa sisi ambao kila data tunayonunua ina ushuru wa asilimia 12 tangu 2021.

Jana nikamkalisha fundi wangu akabonyeza Ctrl+C kwenye asilimia 71, uso umemkunjamana kama anachomwa sindano. Akapiga mshale wa juu, enta, ikarudi 71. Akanyamaza kidogo, akaisimamisha tena aone.